Baridi ya Kuazima

Nyuma ya nyumba nyingi za Musoma na Bunda utakuta mchicha, nyanya chungu, maboga, labda na mpapai. Kitunguu saumu ni nadra. Watu hukinunua sokoni, na wanaokijua husifu kile cha Mbulu, kinachotoka Bashay, nyanda za juu ambako usiku una baridi ya kweli. Wachache wanaokipanda huku kandokando ya Ziwa Viktoria wanastahili sifa zaidi ya wanazopewa, maana zao hili halikuumbiwa hali ya hewa yetu.

Kitunguu saumu hakijigawi punje mpaka kionje baridi. Kikiikosa, majani yatastawi vizuri tu, lakini siku ya kuvuna utachimbua kitu kimoja cha mviringo kisicho na punje. Kinataka pia mchana mrefu, nasi tuko kama digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta: mwaka mzima mchana wetu ni karibu saa 12. Aina ya shingo ngumu, inayotoa bua katikati ya kichwa, ndiyo inayodai baridi kuliko zote. Ya shingo laini ni vumilivu zaidi, na anayeanza Musoma heri aanze na hiyo.

Basi fundi huazima baridi. Huviweka vichwa vya mbegu ndani ya mfuko wa karatasi, kwenye friji, kwa wiki kadhaa kabla ya kupanda. Punje iliyopoa hivyo hupunguza hata madai yake ya mchana mrefu. Masika yakianza kulegea, anapanda, ili mmea ukue katika miezi ya Juni na Julai, kipindi chetu cha ubaridi. Butiama, palipoinuka kuliko Musoma, usiku wa miezi hiyo humsaidia kidogo. 

Tuta liinuke, lichanganywe samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa. Punje haimenywi. Inasimamishwa, kitako chini na ncha juu, sentimita tatu hadi tano udongoni, kisha inafunikwa majani makavu ili unyevu usikimbie.

Ninachokipenda kuliko vyote ni majani yenyewe. Kila jani unaloliona juu limeshikamana na ganda moja linalokizunguka kichwa chini ya udongo. Majani ya chini yakikauka, maganda ya nje yanaanza kuoza. Kwa hiyo mkulima hangoji mmea wote ukauke: majani kama theluthi yakishakuwa ya kahawia, na maji yakiwa yamesimamishwa mapema, anang'oa. Akichelewa, punje zinaachana, na kichwa hakiwekeki. Anayeweza kuhesabu maganda asiyoyaona kwa kutazama majani huyo ni fundi, hata kama bustani yake ni tuta moja.

Baada ya wiki mbili au tatu za kukauka kivulini huja kazi ngumu kuliko ya jembe. Vichwa vikubwa kuliko vyote havipikwi. Kila punje ni nakala ya mama yake, na vile vilivyonenepa kwenye udongo huu ndivyo vya kupandwa tena. Kwenye sufuria ya dagaa vinaingia vidogo.