Tani 1,200 Juu ya Reli ya Mita Moja: Jinsi Garratt za Daraja la 59 Zilivyoushinda Mwinuko wa Mombasa

Dereva wa lori anayetoka Isongole na kuifuata lami ya Ileje hadi Mpemba anajua kwamba mizani haimuulizi tu amebeba tani ngapi. Inamuuliza kila ekseli imebeba ngapi. Lori linaweza kuwa na mzigo halali kwa jumla, lakini likazuiliwa kwa sababu mzigo umelalia upande mmoja. Swali hilohilo la ekseli ndilo lililozaa Garratt za daraja la 59, injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja duniani. Moja kati yake, Mount Gelai, namba 5918, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 jirani na stesheni kuu ya jiji hilo.

Mkazi wa Songwe anayetaka kuona mvuke hana budi kuvuka mpaka. Reli ya TAZARA inayopita Vwawa na Tunduma ilizaliwa mikononi mwa dizeli. Ukiifuata kuelekea kusini hadi Kapiri Mposhi, kisha ukashika reli ya Zambia, utafika Livingstone, mji wenye makumbusho ya reli na treni ya watalii ya Royal Livingstone Express, iliyojipatia jina kwa kuvutwa na injini za mvuke. Safari hiyo ina raha zake. Lakini anayetaka kuelewa jinsi uhandisi ulivyofanya kazi katika milima yetu wenyewe, aende Nairobi.

Akifika huko, ataona wageni wengi wamekusanyika kwenye behewa namba 12, ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall huko Kima mwaka 1900. Kisa hicho kinasisimua, na hakuna mwongoza wageni anayekiruka. Ila simba hakujenga uchumi wa Afrika Mashariki. Anayetaka kujua mizigo ilipandaje bara, asimame mbele ya Garratt.

Tatizo lilikuwa nini

Reli ya Uganda ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wajenzi walichagua upana wa milimita 1,000 ili kupunguza gharama, wakaifuata ardhi ilivyo: kona nyingi na miinuko mirefu. Nairobi iko kilomita 530 hivi kutoka baharini kwa njia ya reli, na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko uliotawala hesabu za njia hiyo ulikuwa asilimia 1.5, yaani mita moja na nusu kwa kila mita 100.

Mwinuko huo unaonekana mdogo kwa macho. Kwa treni ni ukuta. Chukua treni ya tani 1,200 pamoja na injini yake ya tani 256. Kwenye tambarare, kila tani huhitaji mvuto wa takriban kilo nne hadi tano, kwa hiyo treni nzima husogea kwa mvuto wa tani sita au saba tu. Ikifika kwenye mwinuko wa asilimia 1.5, uzito wake wenyewe huirudisha nyuma kwa tani 22 nyingine. Ongeza ukinzani wa kona, na mahitaji yanakaribia tani 30. Mlima umezidisha kazi mara nne na zaidi, na mzigo haujaongezeka hata gunia moja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shehena zilirundikana katika bandari ya Mombasa. Shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kuijenga reli upya kwa kupunguza miinuko na kunyoosha kona, kazi ya miaka mingi na fedha nyingi. Ya pili ilikuwa kuongeza idadi ya treni, lakini reli yenyewe ilikuwa ya njia moja, na kila treni ya ziada ingesubiri nyingine ipishe. Ya tatu ilikuwa kutafuta injini moja yenye uwezo wa kuvuta treni kubwa zaidi juu ya reli ileile. Shirika likachagua ya tatu.

Jinsi jibu lilivyopatikana

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza haraka. Kwa kawaida injini inaweza kutumia kama robo ya uzito uliokalia magurudumu yake ya kuvuta. Ikizidisha hapo, magurudumu yanazunguka bure. Kwa hiyo anayetaka mvuto wa tani 38, ili abakiwe na akiba juu ya zile 30, anahitaji zaidi ya tani 150 juu ya magurudumu ya kuvuta. Reli iliruhusu tani 21 hivi kwa ekseli. Gawanya, utapata saba na ushee, yaani ekseli nane.

Ekseli nane katika fremu moja ni jambo lisilowezekana kwenye kona za Mombasa, kwa sababu fremu ndefu isiyopinda ingeng'oa reli au kutoka nje yake. Na kwenye reli nyembamba kuna tatizo la pili: katika injini ya kawaida chumba cha moto hubanwa na magurudumu yaliyo chini na kando yake, hivyo hakiwezi kuwa kikubwa.

Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt alikuwa amekwisha kulijibu fumbo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, na injini za kwanza za muundo wake ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock kwa ajili ya Tasmania mwaka 1909. Aliigawa injini mara mbili. Kundi moja la ekseli za kuvuta na silinda zake likakaa mbele, la pili na silinda zake nyuma, kila kundi kwenye fremu yake. Boila ikaning'inizwa katikati kwenye fremu ya tatu iliyoegemea pini mbili kubwa, mfano wa jinsi tela linavyoegemea kichwa cha lori. Kila kundi likifika kwenye kona hugeuka peke yake.

Garratt 34 za daraja la 59 ziliundwa na kampuni hiyohiyo huko Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na ekseli 14: nane za kuvuta na sita za kubeba na kuongoza. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai iko karibu na Ziwa Natron. Shengena, jina la injini nyingine iliyosalia, iko Upare. Jirani zetu wa Mbeya nao hawakusahauliwa, maana moja iliitwa Mount Rungwe.

Jinsi ya kuisoma mashine

Anza kwa kuhesabu ekseli kutoka mbele hadi nyuma. Kisha simama katikati na kuchungulia chini ya boila. Hakuna gurudumu hapo, na hiyo ndiyo siri yote. Kwa kuwa hakuna kilichoizuia chini, boila ilifanywa fupi na nene, yenye kipenyo cha takriban mita 2.29. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya upana wa reli iliyoibeba.

Boila ya namna hiyo hutoa mvuke mwingi kwa haraka. Moto wake haukuwa wa kuni wala makaa bali wa mafuta mazito, yaliyopulizwa na mvuke hadi yakawa ukungu unaowaka. Joto lilipita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, na mvuke uliotoka ukapitishwa tena katika mabomba ya moto ili ukauke na kuongezeka nguvu kabla ya kuingia kwenye silinda.

Hapo palikuwa na kazi ngumu ya fundi. Mvuke wenye mgandamizo wa paundi 225 kwa inchi ya mraba ulipaswa kusafiri kutoka kwenye boila hadi kwenye fremu mbili zinazogeukageuka, bila kuvuja. Mabomba yake yaliwekewa viungo vinavyocheza, na viungo hivyo vilitaka uangalizi wa kila mara. Mwisho wa safari kulikuwa na silinda nne, kila moja yenye kipenyo cha milimita 521 na mwendo wa pistoni wa milimita 711, zikizungusha magurudumu ya kipenyo cha milimita 1,372. Ukizikokotoa namba hizo kwa kanuni ya kawaida ya injini za mvuke, utapata mvuto wa takriban tani 38.

Mwishowe tazama bomba la moshi. Si la mviringo bali limebapa na kurefuka. Huo ni mtambo wa Giesl, uliobuniwa na mhandisi wa Austria. Mvuke uliomaliza kazi kwenye silinda hurushwa juu kupitia matundu madogo yaliyopangwa mstari, ukavuta hewa motoni. Kadiri injini inavyofanya kazi kubwa, ndivyo inavyouvutia moto wake hewa nyingi zaidi. Hakuna mota wala feni. Mashine inajirekebisha yenyewe.

Bei ya ubunifu

Garratt haikuwa bila kasoro. Matangi ya maji na mafuta yalikuwa juu ya makundi ya magurudumu, kwa hiyo kadiri safari ilivyosonga na maji yakapungua, uzito wa kushikilia reli nao ulipungua. Silinda nne badala ya mbili zilimaanisha vipuri mara mbili na mafundi wengi zaidi karakanani. Wahandisi walibuni hata daraja la 61, kubwa zaidi, lakini liliishia kwenye karatasi. Injini za dizeli za daraja la 90 kutoka English Electric zilianza kufika mwaka 1960, na hazikuhitaji maji ya njiani wala saa nyingi za kuwashwa. Hata hivyo daraja la 59 liliendelea na kazi katika miaka ya 1970, hadi shirika la pamoja lilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi kubaki na reli yake.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Tunduma asiliache lipite. Injini hizi za reli ya mita moja zilibuniwa ili ziweze kubadilishwa kwa urahisi zitembee kwenye reli ya milimita 1,067, upana wa kusini mwa Afrika, kwa matumaini kwamba siku moja mifumo hiyo miwili ingeungana. TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ilitumia upana huohuo wa milimita 1,067. Lakini enzi ya mvuke ilikuwa inakwisha, reli ya kati ikabaki na mita moja yake, na kituo cha kuhamishia mizigo kati ya reli hizo mbili kikaja kujengwa Kidatu, kikaanza kazi mwaka 1998. Garratt yenye jina la Rungwe iliundwa ikiwa na uwezo wa kugeuzwa ipite jirani na mlima Rungwe. Haikupita.

TAZARA nayo ilikabili mlima, lakini ilijibu kwa namna nyingine. Fedha ziliwekwa ardhini: mahandaki 22 na madaraja zaidi ya 300 katika kilomita 1,860, sehemu kubwa ya mahandaki hayo ikiwa kati ya Mlimba na Makambako. Hata hivyo mlima haukukubali kununuliwa kwa saruji peke yake. Injini za kwanza za haidroliki kutoka China zilisumbuka kwenye mpando huo, na mwaka 1983 zikaongezwa injini za dizeli-umeme za aina ya U30C.

Kwa nini chuma peke yake hakitoshi

Mount Gelai ilifufuliwa mwanzoni mwa karne hii na ikavuta tena treni za wapenzi wa reli. Kazi ya kuifufua injini ya mvuke haianzi kwenye rangi bali ndani ya boila. Mabomba hukaguliwa, yaliyoliwa na kutu hubadilishwa, kisha boila hujazwa maji na kushindiliwa kwa mgandamizo uliozidi ule wa kawaida. Hujaribiwa kwa maji kwanza kwa sababu maji yakipasua chuma humwagika tu, ilhali mvuke ukipasua chuma huua. Moto nao hauwashwi kwa pupa. Boila kubwa ikipata joto upande mmoja haraka kuliko mwingine, viungo vyake hufumuka. Kwa hiyo watalii wanapofika asubuhi, wafanyakazi wamekwisha kukesha.

Zaidi ya yote anahitajika mtu anayeweza kusoma kiwango cha maji kwenye kioo, anayejua maji yakishuka chini ya dari ya chumba cha moto kinachofuata ni mlipuko. Ujuzi huo haukai kwenye bango la makumbusho.

Hukumu yetu ni hii. Garratt za daraja la 59 zilifaulu kwa sababu wabunifu wake waliikubali reli ilivyo na kuugawa uzito. Hawakudai reli mpya. TAZARA ilichagua kuibadili ardhi, na bado ikahitaji injini bora. Njia zote mbili zinastahili kuonekana. Wenye dhamana ya TAZARA, pamoja na mikoa ya Songwe na Mbeya, watenge angalau injini moja ya haidroliki na moja ya U30C kabla hazijauzwa kama chuma chakavu, na wakae na madereva na mafundi wastaafu waandike wanayoyajua wakiwa bado hai.