Narsisi za Oktoba

Kwa watu wengi wa Ulaya narsisi ni ua la Machi na Aprili: la manjano, limejaa kila bustani, linauzwa kwa mafungu sokoni. Zipo narsisi chache zisizofuata kalenda hiyo. Hizo hulala ardhini kiangazi kizima, na mvua za kwanza zikishanyesha kusini mwa Hispania na kaskazini mwa Moroko, kati ya Septemba na Novemba, huibuka na kuchanua. Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua tabia hii. Lile ua jekundu la duara linalochomoza mvua zikianza, mara nyingi kabla ya majani yake, yaani Scadoxus multiflorus, ni la ukoo huohuo.

Ninayoipenda kuliko zote ni Narcissus viridiflorus. Peter Schousboe, mtaalamu wa mimea kutoka Denmark, aliieleza kitaalamu mwaka 1800 baada ya kuzunguka Moroko. Ni ya kijani kuanzia bua hadi ncha za petali, na petali zenyewe ni nyembamba, zimetandazwa kwa umbo la nyota. Taji la katikati, ambalo kwenye narsisi za kawaida ndilo fahari ya ua, hapa ni dogo mno, la kama milimita moja. Mchana unaweza kulipita ua hili kwenye nyasi usilione. Jua likizama hutoa harufu kali, na nondo hulifuata. Narcissus serotinus, iliyopewa jina na Linnaeus mwaka 1753, ni nyeupe, yenye taji dogo, na kwa kawaida kila bua hubeba ua moja tu.

Zote mbili zina desturi inayompima mkulima. Tunguu likichanua mwaka huo, kwa kawaida halitoi jani; bua lenyewe la kijani ndilo linalotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Tunguu lisilochanua hutoa jani moja au mawili, membamba na ya duara kama utete. Kwa hiyo jani likitokeza chunguni mwezi Oktoba, mkulima anajua papo hapo kwamba mwaka huu ua hakuna. Na jani hilo hilo ndilo analopaswa kulitunza majira yote ya baridi, alipe maji, mwanga na mbolea kidogo yenye potasiamu, maana ndilo linalolishibisha tunguu. Nawastahi sana watu wanaoweza kulihudumia jani hilo kwa moyo uleule ambao wangelihudumia ua.

Kazi ngumu zaidi huja wakati ambapo hakuna cha kutazama. Majani yakinyauka, kama mwezi Mei, maji hukatwa. Kule kwao ardhi hupasuka kwa jua, na tunguu limejificha chini zaidi, mahali penye joto lakini si pakavu kabisa. Uingereza mvua haina habari na mahitaji hayo; hunyesha hata Julai. Ndiyo maana wakulima wa huko huziweka ndani ya banda la kioo, kwenye vyungu vya udongo vilivyozikwa hadi shingoni katika kitanda cha mchanga. Udongo wa chunguni huwa na changarawe nyingi ili maji yasituame. Mchanga wa nje huachiwa unyevu kidogo sana, ambao hupenya ukuta wa chungu polepole, na tunguu halisinyai. Wiki zinapita, chungu kinaonekana kitupu, na mkono unawasha kushika ndoo. Anayejua hashiki. Mwishoni mwa Agosti au Septemba, usiku unapoanza kupoa, humwagia maji mara moja, mengi, mpaka yatoke chini. Maji yakitangulia, tunguu huweza kuoza kwa kuvu ya Fusarium, ambayo hupenda joto na unyevu vikikutana.

Kuzipata ni ustadi mwingine. Maduka yamejaa matunguu yanayolimwa Uholanzi kwa mamilioni, lakini hizi hazina soko la namna hiyo. Njia ya mkato ni kwenda porini na jembe, na njia hiyo imefungwa, tena kwa haki. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1992 kuhusu makazi asilia inailinda viridiflorus, na pia Narcissus cavanillesii, ndugu yao mdogo wa manjano ambaye taji lake karibu halipo. Hii cavanillesii ilikaribia kupata hasara kubwa Ureno, bwawa la Alqueva lilipojengwa kwenye mto Guadiana: sehemu ilipokuwa ikiota ilikuwa inaingia majini, na wanasayansi wakayang'oa matunguu na kuyahamishia mahali pengine. Mmea ukishafika hapo, mtu anayechimba hata tunguu moja kwa ajili ya chungu chake anachukua kisicho chake.

Mlango wa halali ni mbegu. Alpine Garden Society, chama cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1929, kila mwaka hugawa kwa wanachama mbegu ambazo wanachama wenyewe wamezitoa. Bahasha inakuja na punje chache nyeusi. Zikisiwa msimu uleule, unangoja miaka kama minne, pengine zaidi, kabla ya ua la kwanza. Mbegu zina faida moja kubwa: virusi vingi vinavyodhoofisha narsisi havipiti humo, kwa hiyo kizazi kinachoota ni safi. Lakini lazima uamini kibandiko. Nyingi zinazozunguka kwa jina la serotinus ni jamaa yake, Narcissus miniatus, na mkulima makini huandika mbegu zilitoka wapi, mwaka gani na kwa nani. Kwangu, kibandiko hicho kina thamani kuliko chungu.

Kuna anayethubutu kulikata tunguu ili apate mengine. Tunguu lililolala hutolewa chunguni, maganda makavu yakamenywa, mizizi ikapunguzwa bila kukijeruhi kitako, kile kisahani kigumu cha chini ambako mizizi hutokea. Hugeuzwa juu chini, likapasuliwa kwa wembe safi kupitia katikati ya kitako, kisha nusu zikawa robo, na robo zikagawanywa tena. Kila kipande lazima kiwe na sehemu yake ya kitako. Kisichonacho huoza tu. Vipande huchovywa kwenye dawa ya kuvu, vikatiwa katika mfuko wa plastiki wenye vemikulaiti yenye unyevunyevu, vikakaa gizani kwenye joto la nyuzi 20 hivi, kwa wiki kama 12. Mfuko ukifunguliwa, kati ya gamba na gamba, juu kidogo ya kitako, huonekana matunguu machanga meupe ya milimita chache. Kufanya hivyo kwa tunguu ambalo huna jingine kunahitaji mkono usiotetemeka.

Wapo pia waliotaka kijani kile kifike kwenye narsisi nyingine. Kikwazo ni kalenda: viridiflorus inatoa chavua Oktoba, wakati wenzake wa majira ya kuchipua bado wamelala. Basi chavua hukaushwa, hutiwa ndani ya vidonge vitupu, huwekwa kwenye friza, na miezi mitano baadaye hupakwa kwa brashi ndogo kwenye ua jingine. Harold Koopowitz, mwanabiolojia wa California, alitumia miaka mingi kuzalisha kutoka kwa viridiflorus machotara yanayochanua majira ya mapukutiko. Kila jaribio lilimdai miaka kadhaa kutoka mbegu hadi ua, na mengi ya namna hiyo hutupwa mara yanapochanua, kwa sababu kijani hakikutokea au bua ni dhaifu.