Hogan Si Pambo

Somo la uhandisi kwa watoto wa Wanavajo, kule Arizona, likianza na hogan, nyumba ya magogo na udongo ambayo mlango wake hutazama mashariki, mimi napiga makofi. Lakini ngoja. Kama ndani hakuna anayeuliza udongo ule unazuiaje baridi, hogan hiyo ni pambo tu la jalada. Tena wahandisi si wageni huko: kati ya 1944 na 1986 walichimba uraniamu, wakaacha migodi zaidi ya 500. Visima vingine vina sumu hadi leo. Mtaala unaosifu hogan na kunyamazia kisima unamheshimu babu, unamsahau mjukuu. Mimi ningeanzia pale kisimani: haya maji tutayasafisha aje?