Mwangwi wa Mashine Katika Kwaya

Ziko kwaya siku hizi ziimbazo kwa vipaza sauti vinne au vitano, na vyote hupitishwa pamoja katika mashine moja ya mwangwi. Silaumu mashine, nalaumu matumizi yake.

Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ukuta ulio mita 17 mbele ya mwimbaji humrudishia sauti yake baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Basi kanisa kubwa la mawe lina mwangwi wake tayari. Fundi akiongeza mwingine, silabi hupandana, na mama aliyeketi nyuma husikia utamu mwingi asipate neno hata moja la wimbo. Naye alilifuata neno.

Tena, kila kipaza sauti hudaka na sauti ya jirani, na ngoma pia. Mashine ya kunyoosha sauti, kama Auto-Tune iliyotoka mwaka 1997, hutaka sauti moja iliyo peke yake. Ikipata mbili hubabaika. Cher alipoimba “Believe” mwaka 1998, alirekodiwa studio, sauti yake imetengwa. Waigao jukwaani hulisahau jambo hili.

Katika meza ya kuchanganyia sauti, kila kipaza sauti huwa na kitufe cha kupimia kiasi kiendacho kwenye mashine. Mwimbaji wa peke yake apewe kidogo. Wa sauti ya nne wasipewe kabisa, maana sauti nzito huvuruga upesi. Mhubiri asimamapo, mashine izimwe.