Uamuzi na Shauri: Tatizo la Istilahi

Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, imo idara inayowakutanisha wanauchumi, wanasaikolojia na wataalamu wengine ili kuchunguza namna binadamu anavyoamua mambo. Jina lake lataja sayansi za jamii na za uamuzi kwa pamoja. Sisi tunapoitafsiri taaluma hiyo huelekea kusema "sayansi ya uamuzi", tukaishia hapo. Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara ya ufupisho huo.

Chuoni humo alifundisha Herbert Simon tangu 1949 hata alipofariki mwaka 2001. Alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Simon alipinga dhana kwamba mtu hupima njia zote kabla ya kuchagua iliyo bora kabisa. Akili ina mipaka na muda ni mchache. Kwa hiyo mtu hutafuta hata apate kinachotosha, akakoma hapo. Hoja hii haikuzaliwa kwa kumtazama mtu aliyejitenga. Kitabu chake cha 1947 kilihusu utawala: watu walio kazini pamoja, wanaopeana habari na amri.

Kiswahili nacho hakimtengi mtu. Kuamua si kuchagua tu; ni pia kuwatenganisha wanaogombana. Vilevile husemwa mtu "amekata shauri", na shauri ni jambo linalozungumzwa kabla ya kukatwa. Hata kauli ya "shauri yako", ambayo huenda ikatolewa kutupinga, yatuunga mkono: huambiwa aliyekataa kushauriwa, nayo ni karipio.

Yuko atakayesema kwamba maana za maneno hazithibitishi namna akili inavyofanya kazi. Twakubali. Lakini istilahi humwelekeza mwanafunzi mahali pa kutazama kwanza. Akifundishwa kwamba uamuzi ni uteuzi wa mtu mmoja, atakwenda kijijini na hojaji yake, amhoji mwenye shamba kwa nini ameliuza, wala asiwaulize waliokesha naye wakilizungumza jambo hilo. Kosa hilo halitakuwa la Simon. Litakuwa la mfasiri.

Kwa maoni yetu, jina la taaluma lisikatwe nusu: liwe "sayansi za jamii na uamuzi". Tena neno "uamuzi" litumiwe kwa tamati, na "shauri" kwa mwendo wote unaoitangulia. Maneno hayo tunayo; hatuna budi kuyatumia kabla ya kuunda mengine.