Nani Ametoboa Mahindi?

Gunia la mahindi likianza kutoa unga, wengi wetu tunakimbilia duka la pembejeo kuuliza dawa. Mjuzi wa wadudu hutaka kwanza kujua ni nani aliyetoboa. Kwenye vyuo vya kilimo, kama Sokoine pale Morogoro, mwanafunzi hulelewa katika swali hilo, nami naiheshimu mno subira ya kulijibu.

Huanza na chekeche na karatasi nyeupe, kisha hadubini. Fukusi hasumbui: mdomo wake mrefu humtambulisha mara moja. Dumuzi ndiye anayepima jicho. Ni mbawakawa wa kahawia iliyokolea, milimita 3 hadi 4.5, kichwa kimejificha chini ya kifua, na anaye ndugu anayefanana naye sana, mtoboaji mdogo wa nafaka. Mwanafunzi humgeuza polepole kwa sindano mpaka aone nyuma yake. Ya dumuzi imekatika wima kama gogo lililopita kwenye msumeno. Ya ndugu yake imeviringana.

Kisha kuhifadhi. Mbawakawa mkubwa huchomwa pini kwenye bawa gumu la kulia, ili la kushoto libaki zima kwa uchunguzi. Dumuzi ni mdogo mno kuchomwa, hivyo hugundishwa kwenye ncha ya kipembe cha karatasi. Chini yake hukaa lebo ya herufi ndogondogo: mahali, tarehe, jina la aliyemkusanya. Bila lebo hiyo, hata mdudu adimu hana la kumwambia mtafiti wa kesho.

Umakini huu umelinda chakula. Dumuzi, mzaliwa wa Amerika ya Kati, aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiyageuza mahindi ya ghalani kuwa vumbi. Dawa ya pirimifosi-methili, inayomuua fukusi, haikumtosha; permethrini ilimweza dumuzi, lakini kwa fukusi ni dhaifu. Ndiyo maana zikachanganywa katika unga mmoja. Wakulima wakashauriwa pia kupukuchua kwanza, kwa kuwa dumuzi hutoboa vizuri zaidi punje zilizobanana kwenye gunzi, na dawa huzifikia vyema punje zilizoachana.

Wajuzi wengine wa wadudu walimfuata dumuzi hadi kwao kumtafuta adui yake. Walimpata mbawakawa mwingine, Teretrius nigrescens, anayefuata harufu ambayo dumuzi dume huitoa kuwaita wenzake. Akifika, hula mayai na funza wa dumuzi. Aliachiliwa Togo mwaka 1991, na Kenya mwaka uliofuata. Ujuzi wa namna hii hupatikana kwa watu kukaa na kutazama kwa muda mrefu, na naona tunawashukuru kidogo mno.

Basi ghala lako likivamiwa, usiende dukani mikono mitupu. Tia wadudu kadhaa kwenye kichupa, andika ulipowatoa na tarehe, umpelekee bwana shamba au bibi shamba kabla hujanunua chochote.