Lori la Pili Lilipopotea kwenye Waya

Mizani ya magari inaishi muda mrefu kuliko kompyuta iliyofungwa nayo. Kwenye ghala moja la mahindi Kibaigwa, wilayani Kongwa, kionyeshi cha mizani kilikuwa kizima. Kilichokufa ni kompyuta ya Windows XP iliyokuwa ikipokea uzito na kuchapa risiti. Fundi aliyetangulia alishauri vyote vinunuliwe upya. Nilikataa, na si kwa sababu ya fedha tu. Mizani ile ina lakiri ya Wakala wa Vipimo. Ukiivunja ili uchokonoe mipangilio ya ndani, lazima ikaguliwe upya, na msimu wa mavuno mkulima wa Kongwa hawezi kusubiri huku mzigo wake ukikadiriwa kwa macho. Kwa hiyo kompyuta ndiyo iifuate mizani.

Diski ya zamani ilikuwa salama. Tuliinakili yote, sekta kwa sekta, tukaigeuza kuwa diski pepe ya VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe ndani ya kompyuta mpya. Mara ya kwanza ilitoa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B: XP ile ilizoea diski ya IDE, nasi tumeifunga kwenye SATA. Tukaihamishia IDE, ikawaka.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye tundu. Kionyeshi kinatumia RS-232, kiwango cha tangu miaka ya 1960, na kompyuta mpya ina USB tu. Adapta za kuviunganisha zinapatikana madukani, ila mafundi wengi huikabidhi adapta kwa mashine pepe moja kwa moja, kisha wanahangaika kutafuta draiva ya XP. Sisi tuliiacha mikononi mwa Windows 10 ya kompyuta mpya, ikapewa jina la poti COM7. Ndani ya VirtualBox tukaielekeza COM1 ya mashine pepe kwenye COM7 hiyo. Programu ya mizani inaijua COM1 peke yake, na COM1 ndiyo iliyoikuta.

Kabla ya kuiwasha mashine pepe tulipima waya kwa PuTTY, programu inayoonyesha kinachopita kwenye poti, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Lori la kwanza lilisomeka vizuri: 30560. Tukashangilia. La pili lilikuwa na kilo 18,240 kwenye kionyeshi. Kwenye skrini zikaja alama nne zisizosomeka na sifuri moja. Waya uleule, dakika chache baadaye.

Kasi ya poti ingekuwa mbaya, hata lori la kwanza lisingesomeka. Nikaandika tarakimu kwenye karatasi kwa biti zake. Kionyeshi kinatuma biti 7 na kuongeza ya nane, ya pariti, ili idadi ya moja iwe shufwa. PuTTY, kwa mipangilio yake ya kawaida, inahesabu zote 8 kuwa data. Tarakimu 0, 3, 5, 6 na 9 tayari zina moja kwa idadi shufwa, kwa hiyo biti ya nane inabaki sifuri nazo zinapita salama. Lakini 1, 2, 4, 7 na 8 zinaongezewa moja, zinaharibika. Lori la kwanza lilibeba tarakimu salama tupu. Lingekuja hilo peke yake siku ile, ningefunga begi na kuondoka.

Tukaweka biti 7 na pariti shufwa, tukaomba lori la pili lirudi juu ya mizani. Kisha tukafunga PuTTY, maana programu mbili hazifungui poti moja kwa pamoja, tukaiwasha mashine pepe. Karani akasoma kionyeshi kwa sauti, mimi nikafuatisha kwenye skrini: moja, nane, mbili, nne, sifuri.